Pua ya Kuazima

Harufu ilimfikia Avelina kabla ya mwenye nayo. Ilikuwa Jumamosi, soko la Mbinga limefurika, na yeye alikuwa amejibana kwenye benchi la mama ntilie, mbele yake chai na chapati aliyoigeuza pande zote mbili kabla ya kuikubali. Watu walipishana kwa mabega na mabeseni, wauza mitumba walipiga kelele, kuku waliofungwa miguu walilalamika chini ya meza. Katikati ya vurugu hiyo pua yake ikashtuka. Samaki. Samaki waliokufa, wakasafiri, kisha wakakata tamaa kabisa.

Alipoinua macho alimwona kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, suruali ya kijivu yenye mstari wa pasi, viatu vilivyong'arishwa kwa heshima ambayo vumbi la pale sokoni halikustahili. Mkononi alibeba ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Akawasalimia wote, akaiweka ndoo chini, karibu kabisa na mguu wa Avelina, akaagiza maandazi.

Mzee aliyekaa pembeni akanyanyuka na kikombe chake. Akafuata mama mwenye mtoto. Benchi likabaki na watu wawili.

"Kaka, samahani," Avelina alisema, pindo la kanga limeziba pua. "Humo mna nini?"

"Usipa, dada. Wabichi, wametoka Mbamba Bay."

"Hao wameoza."

Kijana akacheka, meno yote nje. "Kumbe nimekaa na mtani. Ninyi watu wa milimani mmezoea panya wenu, samaki mtamjulia wapi?"

Ni lazima ieleweke kwamba kati ya Wamatengo wa juu na Wanyasa wa ziwani maneno kama hayo ni salamu. Wa juu huwaambia wa chini wananuka samaki, wa chini huwaambia wa juu wanakula panya, wanacheka, kila mtu anaendelea na safari yake. Kwa hiyo kijana alidhani anataniwa. Avelina hakuwa anatania hata kidogo. Na ili kuukamilisha utani, kijana aliufungua mfuniko, akainamisha uso ndani ya ndoo, akavuta pumzi ndefu na kutangaza kwamba samaki ni safi.

Avelina alikimbilia nyuma ya banda kutapika. Mama ntilie alitoka na mwiko, akamfukuza kijana pamoja na ndoo yake, na waliokuwepo wakapata cha kuhadithia jioni.

Baadaye kijana alirudi mikono mitupu, imelowa sabuni, akaomba radhi kwa benchi, kwa mama ntilie, na mwisho kwa Avelina. Alijitaja kuwa Meinrad, fundi wa majokofu huko Dar es Salaam, yuko likizo kwa mama yake ziwani. Hakukasirika kufukuzwa mbele za watu. Alisema tu kwamba jua lilikuwa kali na pengine aliiacha ndoo garini muda mrefu. Avelina, ambaye kwa kawaida mtu akishamtia kinyaa humfuta kabisa moyoni, alijikuta anacheka. Hata namba ya simu alitoa, na njia nzima ya kurudi nyumbani alijiuliza ameitoa kwa nini.

Tuseme ukweli, Avelina Kapinga hakuwa mtu rahisi kupendwa. Kazi yake ilikuwa kuonja kahawa katika ghala moja pale Mbinga. Kila asubuhi alivaa koti jeupe, akapita mbele ya mstari wa vikombe, akachota kwa kijiko, akavuta kwa kishindo mpaka kahawa ikapiga kaakaa, akatema kwenye kopo. Hii imechacha. Hii ilianikwa karibu na mbuzi. Hii gunia lake lilikuwa la vitunguu. Hakukosea, ila ugonjwa wa kazi ulimfuata nyumbani. Alinusa maji, alinusa shuka za wageni, alinusa mkono wa mtu kabla ya kuupokea. Wachumba wawili alishawaacha, mmoja kwa sababu ya soksi, mwingine kwa sababu ya mafuta ya nywele.

Meinrad alipona kwa njia ambayo Avelina hakuitarajia. Kabla ya kurudi Dar alipelekwa Matiri kumsalimia Mama Mkubwa Notburga, dada wa marehemu mama yake Avelina, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Kijana alitoa shikamoo yake kwa adabu, kisha akamwuliza bibi kama leo panya wamekaangwa au wamechemshwa. Mama Mkubwa alimjibu kwamba kwa wageni wa ziwani hupikwa mikia tu. Tangu hapo wakawa watani wa kupigiana simu.

Na jioni moja, Meinrad akiwa tayari amerudi Dar, alimwambia Avelina kwenye simu, "Nimekukumbuka mpaka harufu yako."

"Harufu gani? Mimi sijipaki kitu."

"Moshi wa mkaratusi kwenye kanga. Sabuni ya kipande shingoni. Na chini kabisa, kwenye viganja, kahawa iliyooshwa ambayo bado haijakauka."

Avelina alikaa kitandani. Wanaume humsifia mwanamke macho, meno, mwendo. Huyu alimsifia kwa lugha ya kazini kwake, na kila neno lilikuwa kweli. Usiku ule alinusa viganja vyake na kutabasamu gizani. Hata chupa ya manukato aliyotumiwa kutoka Dar, yenye kunuka dawa ya mbu iliyotiwa sukari, aliisamehe. Aliifunga kwa mfuko, akaificha chini ya kabati.

Mambo yalikuwa hivyo pale Kaka Jerome, mtoto pekee wa Mama Mkubwa, alipopiga simu kutoka Dar. Mama anafikisha miaka sabini Septemba; Jerome anataka kumfanyia chakula cha jioni cha siku ya kuzaliwa katika mgahawa mkubwa wa mjini, na Avelina ndiye achague mgahawa, kwa kuwa asipochagua yeye hatakula.

Mama Mkubwa mwenyewe hakuijua siku ya kuzaliwa. Aliijua siku ya somo wake, mtakatifu wa jina lake, na hiyo ndiyo iliyosherehekewa. Padre aliyembatiza alimpa jina la mtakatifu wa siku ile, mtumishi wa jikoni, na kana kwamba jina lilikuwa amri, Notburga alipika jikoni kwa mapadre tangu usichana hadi mgongo ulipokataa. Avelina alidhani atakataa safari. Kumbe alikuwa ameisubiri.

"Kulikuwa na padre mmoja," alimweleza Avelina, wakichambua maharage barazani, mteremko wa ngoro, mashamba ya mashimo ya Wamatengo, ukiwa mbele yao. "Chakula kikifika, anaonja kidogo, halafu anaisukuma sahani kwa kidole kimoja. Hivi. Hasemi neno. Mimi nimesimama nyuma ya mlango, naona kidole. Miaka yote ile, mwanangu, nilikuwa najiuliza mtu anajisikiaje akifanya hivyo."

"Kwa hiyo unataka kwenda Dar kurudisha sahani."

"Nataka kukaa kwenye kiti chenye kitambaa, niletewe, nionje, nisukume. Lakini sikiliza vizuri. Chakula kibaya hata mbwa anakirudisha. Mimi nataka kurudisha kizuri. Nitafutie mahali pazuri kwelikweli."

Avelina aliapa kulitimiza ombi hilo. Kutoka Mbinga hadi Dar, hata hivyo, si safari ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kunusa jiko. Akaomba kuazima pua ya Meinrad.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu. Meinrad alipotoka kazini alivaa shati safi, akaingia kwenye migahawa aliyotumwa, na Avelina akamwongoza kwa simu kutoka chumbani kwake Mbinga.

"Umefika? Ingia chooni kwanza."

"Ave, mpenzi, nimevaa shati la kanisani."

"Ingia. Jiko linaweza kudanganya, choo hakiwezi."

Alimsikia akifungua mlango, akiongea na mtu pembeni, kisha akirudi na majibu. Picha zilizofuata zilimkatia Avelina hamu ya chakula cha jioni. Mahali pamoja kurasa za menyu zilikuwa zimegandana kwa mchuzi wa watu waliotangulia. Kwingine glasi ililetwa na alama ya midomo ya mwanamke asiyejulikana, nyekundu, kamili. Kwingine tena, kwa bei ya kutisha, watu wazima waliovaa tai walikuwa wakifyonza kutoka kwenye magamba kitu kibichi, cha kijivu, kinachotikisika, na kupangusa videvu. Avelina aliuliza kama ni makamasi ya bahari. Meinrad alicheka hadi akamwangushia mhudumu trei.

"Na hapo unasikia harufu gani?" Ndilo swali alilolirudia kila mara.

Meinrad alijibu vizuri mno. Mahali fulani ni vitunguu vilivyoanza kuungua; kwingine ni mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Halafu jioni moja, kutoka mgahawa mmoja ulioangalia bahari, wenye vitambaa vyeupe mezani, alisema taratibu, "Ndimu, Ave. Ndimu na tangawizi. Na mkate ndiyo kwanza unatoka kwenye tanuri."

Avelina alifumba macho akaunusa ule mkate kutoka upande wa pili wa nchi. Alimpigia Jerome palepale: mahali pamepatikana.

Jerome alikwenda kuweka nafasi siku ya Jumapili. Simu yake ilipoingia, Avelina hakusikia salamu. Alisikia mtu anatapika.

"Dada," Jerome alisema alipopata pumzi, "ni nani aliyekuchagulia hapa? Mfereji wa maji machafu unapita nyuma ya jiko, umeziba. Wanafukiza ubani mlangoni, lakini ubani na kinyesi havipatani. Nimeletewa ngisi ananuka kama kidonda. Hapa ndipo unapotaka kumleta Mama?"

 Avelina alijaribu kumtetea Meinrad: pengine mfereji umeziba leo. Jerome alimwuliza mlinzi palepale, na mlinzi akasema mfereji huo umeziba tangu mfungo wa Kwaresima.

Avelina hakumweleza Meinrad lolote. Alimwomba tu aende pale mgahawani tena, amsalimie meneja, ampigie simu ya video akifika. Meinrad alikwenda bila kuuliza. Alikaa meza iliyo karibu na dirisha, amependeza, shati la bluu alilojua Avelina analipenda. Nyuma yake, kwenye kioo kidogo cha simu, familia nzima ilikuwa inanyanyuka kutoka mezani kabla ya kula. Mama wa familia alikuwa amejifunika mtandio hadi machoni. Mhudumu alipita na chetezo cha ubani.

"Unasikia harufu gani sasa hivi?" Avelina aliuliza.

Aliona macho ya Meinrad yakienda pembeni, kwa mhudumu. Aliona midomo ikiuliza kitu. Aliona mhudumu akijibu huku anatabasamu tabasamu la biashara.

"Ndimu, mpenzi," Meinrad alisema. "Ndimu na tangawizi, kama siku ile."

"Watu nyuma yako wameziba pua."

Meinrad aligeuka. Alipoirudia simu, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa ndani ya nyumba isiyo yake.

"Kila jioni ulikuwa unamwuliza mwenye duka kama bidhaa yake ni nzuri," Avelina alisema. "Halafu unaniletea mimi kama umenusa. Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana. Ave, nisikilize."

"Moshi wa mkaratusi. Sabuni. Kahawa kwenye viganja. Na hayo ulimwuliza mhudumu?"

Meinrad angeweza kudanganya mara moja zaidi na penzi likaendelea. Badala yake akasema, "Hayo nayo hayakuwa yangu."

Avelina akakata simu. Alikwenda kwenye beseni akanawa mikono, akanawa tena, hadi ngozi ikauma. Hakuwa amewahi kutiwa kinyaa kiasi hicho, si na ndoo ya usipa, si na ngisi. Maneno aliyoyahifadhi kama kitu cha ndani kabisa yalikuwa yamepita kwenye mdomo wa mtu mwingine kwanza, na yeye akayala kwa furaha. Aliitoa ile chupa ya manukato chini ya kabati, akaitupa shimoni.

Kazini mambo yakaharibika. Kahawa nzuri ya Namswea, iliyomletea mwenye shamba sifa msimu uliopita, aliionja na kuandika kwamba ina harufu ya ubani. Mkuu wake, Bwana Bartholomayo, aliionja mwenyewe, akamtazama, akamwambia akapumzike. Simu ya Meinrad iliita, hakupokea. Ujumbe uliingia, akaufuta bila kuusoma. Siku ya somo ilikuwa inakaribia na mgahawa haukuwepo.

Alipanda Matiri kumwambia Mama Mkubwa kwamba hakuna Dar. Alimkuta barazani anajaribu viatu vipya alivyotumiwa na Jerome, vyeusi, vyenye kisigino kifupi, anatembea taratibu kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo. Avelina alimweleza yote, hadi yale maneno ya viganja.

Mama Mkubwa alikaa, akavua kiatu kimoja.

"Hayo ni maneno yangu," alisema.

"Yako?" Avelina aliuliza.

"Alinipigia. Akaniambia, 'Mama, wewe umemlea. Naomba uniambie Avelina ananukia nini. Nataka kumjua na mimi.' Nikamwambia ngoja nifikiri. Nilifikiri siku nzima, mwanangu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka mtoni tulikooshea kahawa, unanipa mikono niipashe moto. Nikampa hayo. Sikuona kama nampa kitu kibaya."

"Kwa nini asininuse mwenyewe?"

"Kwa sababu hana pua. Ipo pale usoni, pambo. Alikuwa anatengeneza chumba cha barafu cha samaki, bomba la gesi likapasuka. Amonia. Alikuwa ameshatoka, akarudi ndani kumvuta mwenzake, Ignatio. Wote walipona. Harufu haikurudi. Mpaka leo hata moshi hausikii, anauona tu."

Avelina aliiona tena ndoo ya usipa, uso wa kijana ndani yake, pumzi ndefu. Safi kabisa. Aliona aibu kwa sababu siku ile alicheka.

"Fundi wa majokofu asiyesikia gesi inayovuja, nani atamwajiri?" Mama Mkubwa aliendelea. "Ndiyo maana alificha. Na wewe pia alikuficha, kwa sababu alikusikia unavyohadithia habari za wachumba wako wa zamani. Mmoja soksi, mmoja mafuta ya nywele. Alikuwa anajiuliza asiye na pua utamwacha kwa lipi."

"Na wewe ulijua, ukanyamaza."

"Siri haikuwa yangu. Na wewe hukumwuliza mtu. Wewe unanusa watu, Avelina, huwaulizi." Alivua kiatu cha pili. "Alikosea. Angekuambia, nawe ukamwacha, angalau ungekuwa umemwacha kwa jambo unalolijua. Yuko Mbamba Bay kwa mama yake; amekuja ili anisindikize Dar kama alivyoniahidi. Nenda ukaniletee usipa wa kumpelekea Jerome. Chagua wazima."

Barabara ya kushuka ziwani inazunguka milima mpaka masikio yanaziba, na Avelina aliteremka nayo akiwa bado na hasira. Kujua sababu ya uongo hakukuufanya uongo unukie. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililombana kiunoni, makusudi, ili kama ni kuagana, aagwe vizuri.

Alimkuta nyuma ya nyumba ya mama yake, fulana iliyochakaa, anafunga waya kwenye feni ya zamani. Ziwa lilikuwa limetulia mbele ya miamba, na juu ya mwamba mmoja usipa walianikwa wanameta. Meinrad alisimama. Hakumsogelea.

"Nimemwambia bosi wangu," alisema kabla ya salamu. "Nimemwambia kila kitu. Amenitoa kwenye gesi, amenipeleka upande wa umeme. Ingekuwa vizuri kama ningekuambia wewe kwanza. Nisamehe kwa ajili ya Mama Mkubwa zaidi. Nilikuwa nampeleka kwenye uchafu."

"Ulinifanya ninuse mkate ambao haukuwepo."

"Ulikuwa unafurahi sana kwenye simu. Nilishindwa kukuambia kwamba kwangu mimi Dar yote haina harufu. Na Mbinga. Na wewe."

Hapo akatokea Mama Yuliana, mama yake Meinrad, mwanamke mfupi aliyejifunga kanga mbili. Alipewa shikamoo, akaiitikia kwa furaha, akaweka mezani sahani yenye kitu cheusi, cha duara, kilichokauka. Ilikuwa kungu. Vile vidudu vidogo vinavyopanda kutoka ziwani kwa mawingu, watu huvikinga kwa nyungo, wakavikanda, wakavianika. Mgeni wa kike anayeletwa nyumbani huonjeshwa, alisema Mama Yuliana, na Mmatengo anayekataa kungu arudi kwa panya wake. Akacheka, akarudi jikoni.

Avelina aliiangalia ile sahani. Kulikuwa na mabawa. Madogo sana, mamia kwa mamia, yamegandamana, na katika mwanga wa adhuhuri aliweza kuyatofautisha. Akarudisha uso nyuma.

"Usile," Meinrad alisema kwa sauti ya chini. "Nitaificha."

"Wewe unaipenda?"

"Niliipenda kuliko chakula chochote. Sasa ni kama natafuna kitambaa. Kila nikija mama ananipikia, ananitazama, nami nasema ni tamu."

Kwa hiyo hata mama yake anadanganywa, Avelina aliwaza, na kwa mara ya kwanza jambo hilo halikumtia kinyaa. Lilimtia huruma. Alimega kipande. Alikifanya kama afanyavyo kazini: akafumba macho, akakiweka ulimini, akavuta hewa kwa kishindo.

 

"Mwanzo ni udongo," alisema kwa shida. "Udongo wa mvua ya kwanza. Halafu usipa, si hawa wa juani, wale waliosahaulika darini. Kuna moshi wa kibatari. Kilikuwa karibu sana wakati wa kukanda."

"Umeme ulikatika siku ile," Mama Yuliana alisema kutoka jikoni.

"Mwishoni ni chungu. Uchungu wa majani ya chai yaliyochemshwa mara ya pili. Na unabaki, Meinrad. Hautoki. Ni kibaya sana."

 Alipofumbua macho, Meinrad alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, viganja vimefunika uso, mabega yanatikisika.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ndiyo hiyo hasa. Endelea."

Kazini Avelina hutema kila kitu, kizuri na kibaya, ndiyo sheria ya kazi. Hiki alikimeza. Kilishuka taratibu, na mabawa yake yote, akatetemeka kuanzia utosini hadi vidoleni, akamega kingine.

Jua lilipoanza kuinama Meinrad aliuliza kile alichokuwa anakizungukia tangu mchana. Hakupiga goti; walikuwa wote wawili tayari mchangani.

"Ukinikubali nitatuma wazee Matiri. Lakini utaishi na mtu asiyejua kama ananuka."

"Unanuka," Avelina alisema. "Jasho, waya ulioungua, na hiyo fulana imelala kwenye maji. Nitakuwa nakuambia kila siku, mpaka unichoke."

"Sitachoka."

"Na ukinidanganya tena kuhusu harufu ya kitu chochote, hata maua ya kanisani, nitakurudisha kwa mama yako na sahani yako ya kungu."

Akamnusa shingoni, akakunja uso, akabaki palepale.

Mgahawa Avelina aliuchagua mwenyewe. Walimsindikiza Mama Mkubwa mapema hadi kwa Jerome, kisha wakapita mji kwa miguu, Meinrad akiuliza maswali na Avelina akinusa, wakikataa huku, wakitoka mbio kule, hadi wakapata sehemu moja isiyo na bahari dirishani, yenye choo ambamo mtu angeweza kula chakula. Siku ya somo Mama Mkubwa Notburga aliingia na viatu vyake vyeusi, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa, mwanawe upande mmoja, Avelina na Meinrad upande wa pili. Kuku aliletwa, amepakwa nazi na bizari, wali unatoa mvuke. Mama Mkubwa aliokota uma, akaonja kidogo, akatafuna polepole. Kisha akanyoosha kidole kimoja, kidole kilichopinda kwa miaka ya masufuria, akaisukuma sahani.

Mhudumu alishtuka, akauliza kama kuna kosa. Mama Mkubwa alimwonyesha Avelina kwa kidevu. Avelina aliinama, akainusa ile sahani kwa muda mrefu kuliko kahawa yoyote aliyowahi kuipima.

"Haina kosa," alisema.

"Najua," alijibu Mama Mkubwa.

Mhudumu akaichukua sahani, uso umemshuka, akaanza safari ya kurudi jikoni. Mama Mkubwa alimfuata kwa macho mpaka alipofika karibu na mlango, mlango kama ule ambao yeye alisimama nyuma yake ujana wake wote. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta.

"Kijana," aliita. "Irudishe hapa, baba, na umwambie mpishi kwamba amepika vizuri. Nina njaa."